SOMO: Kuomba kubadilishiwa shule ya Gredi ya 10 (soma lote kabla ya kuniuliza)

Wiki hii nimeulizwa swali hili hili, jinsi ya kuomba mtoto abadilishiwe shule aliyopangiwa, mara kumi na mbili, mara tatu na mtu yule yule. Nimechoka kujibu kwa kidole gumba ndani ya matatu ya Changamwe. Naliandika mara moja, mwenye macho asome.

Binti yangu alikuwa katika kundi la kwanza kabisa la KJSEA, mtihani wa Kenya wa kumaliza Sekondari Msingi (Gredi ya 9), la 2025. Alitaka mkondo wa STEM, yaani sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati. Akapangiwa Sayansi za Jamii, shule ya bweni ambayo hata kwenye ramani tulikuwa tukiitafuta kwa kidole. Tuliomba abadilishiwe na tukapata, lakini katikati nilifanya kosa moja lililonikosesha usingizi Krismasi nzima. Somo hili lote limezaliwa na kosa hilo.

1. Chapisha matokeo na ukurasa unaoonyesha alikopangiwa. Saiba yoyote.

2. Muulize mtoto anataka nini. Mtoto, si shangazi yake.

3. Soma matokeo kama karani, usiyasome kama mama. Masomo ni tisa, kila moja lina alama 1 hadi 8, kwa hiyo jumla ya juu ni 72. Viwango vimeandikwa kwa herufi: EE1, cha juu kabisa, ni 8, EE2 ni 7, ME1 ni 6, hivyo hivyo hadi BE2, cha chini kabisa, ambacho ni 1. Halafu ujue kwamba matokeo hayo hayakutoka kwenye mtihani wa mwisho peke yake: asilimia 60 ni KJSEA, 20 ni tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na ya 8, na 20 nyingine ni KPSEA aliyoifanya Gredi ya 6. Ukiandika kwamba mtoto "ni mwerevu sana", hakuna anayekusikia, kwa sababu kila mzazi kaandika hivyo. Mimi niliandika mistari mitatu: Hisabati kapata hivi, Sayansi Jumuishi hivi, Masomo ya Kiufundi hivi, na masomo matatu anayotaka kuchukua Sekondari Pevu ni haya. Basi.

4. Tafuta shule yenye nafasi NA yenye masomo hayo. Si kila shule inafundisha kila mchanganyiko wa masomo, hata ikiwa na jina kubwa. Nilipiga simu shule nne. Moja ilikuwa na nafasi lakini haina Kompyuta, na Kompyuta ndiyo roho ya binti yangu. Kama nisingeuliza, ningepigania kiti ambacho hakimfai.

5. Ombi linaingizwa na SHULE ALIYOTOKA. Narudia, shule aliyofanyia KJSEA. Mwalimu mkuu wa Sekondari Msingi ndiye mwenye akaunti kwenye mtandao wa wizara ya elimu, ndiye anayeingiza ombi, kisha shule unayoitaka inakubali au inakataa kwa kadiri ya nafasi zake.

Sasa kosa langu. Dirisha la maombi lilifunguliwa Jumanne 23 Desemba likafungwa tarehe 29. Siku saba, na Krismasi imekaa katikati. Mimi kazi yangu ni ukarani kwenye ofisi ya kliaringi. Makaratasi ndiyo riziki yangu, na kwetu karatasi isiyo na muhuri ni ya kufungia mahamri. Basi tarehe 23 nikavaa buibui langu zuri, nikashika faili, nikaenda moja kwa moja kwenye lango la shule niliyoitaka. Nikakaa chini ya mwarobaini hadi saa nane. Naibu akatoka, akapokea barua, akaigonga muhuri, tarehe na saini. Nikarudi nyumbani nimejaa kama mtu aliyetoa kontena bandarini bila faini. Kesho yake nikarudi kuulizia, wakaniambia nisubiri.

Ijumaa, tarehe 26, mzazi mwenzangu akaniuliza: "Na mwalimu mkuu wenu kashaingiza?" Kuingiza nini? Ndipo nikajua kwamba ile barua yangu yenye muhuri ilikuwa imelala kwenye droo, na kwenye mtandao binti yangu hajaomba chochote. Nikampigia mwalimu mkuu: mteja hapatikani. Kaenda kwao Taita, sehemu ambayo mtandao unapatikana ukipanda juu ya jiwe fulani. Nilimpata Jumapili usiku kupitia namba ya shemeji yake. Akapanda jiwe. Nikamsomea namba ya mtihani ya binti yangu kwa simu, sauti inakatika, kisha kimya, kisha: "Mama, kwani binti yako ni mvulana?" Tarakimu moja ilikuwa imepotea njiani na yeye alikuwa ameshafungua jina la mtoto wa watu. Angekuwa mtu wa haraka angebonyeza tu.

Kwa hiyo, maonyo, na haya usiyaruke:
Mtafute mwalimu mkuu KABLA dirisha halijafunguliwa. Muulize atakuwa wapi, na nani mwingine shuleni anaweza kuingia kwenye akaunti.
Namba ya mtihani, jina la shule na masomo yake, vyote umwandikie kwa meseji. Usimsomee.
Muombe akutumie picha ya skrini baada ya kubonyeza. Ukiona jina la mtoto wako kwa macho yako, ndipo ulale.
Barua kwa shule unayoitaka si haramu, inaweza kusaidia wakujue. Lakini si ombi.

6. Subiri. Usinunue sare.

7. Ukikataliwa, uliza sababu kwa maandishi, kwa adabu. Ni haki yako kwa Kifungu cha 47 cha Katiba na Sheria ya Hatua za Haki za Kiutawala ya 2015. Aghalabu jibu ni "nafasi zimejaa", na hilo huwezi kulishinda kwa machozi, ila ukishalijua unabadilisha shule badala ya kugonga mlango ule ule. Mwaka ule dirisha lilifunguliwa tena Januari, kabla watoto hawajaripoti tarehe 12, na utaratibu wake. Soma waraka wa mwaka wako, usifuate wa jirani.

MASWALI

Baba wa Jomvu: Asante dada. Sasa nikienda na barua kwenye shule ninayotaka, wao ndio watamwingiza?

Karani wa Kilindini: Hatua ya tano.

Baba wa Jomvu: Nimeisoma lakini naona ni ndefu.

Karani wa Kilindini: Ndefu ndiyo, nilichukua siku sita kuiishi. Wewe isome dakika sita.

Mja wa Mvita: Wewe sema tu ulikuwa na mtu wizarani. Hakuna anayepata hivi hivi katika nchi hii.

Karani wa Kilindini: Mtu wangu alikuwa juu ya jiwe Taita, yakhe. Ningekuwa na mtu wizarani ningekaa siku mbili chini ya mwarobaini na faili? Hujauliza swali, kwa hiyo sina jibu.

Mama Mapacha: Samahani bibie, mimi nina wawili, alama zao zimepishana moja tu. Mmoja kapata shule ya C1, zile zilizokuwa zikiitwa za kitaifa, mwenzake kapelekwa kwingine. Sitaki kuomba kitu kisichowezekana. Je, alama zikikaribiana ndivyo huwa?

Karani wa Kilindini: Ndivyo inavyotokea, mama, na pole. Shule zile za C1 zina viti vichache na zinagombaniwa na nchi nzima. Mpango hautazami alama peke yake: unatazama pia uliyochagua, mkondo na nafasi zilizopo. Usiseme kwenye ombi "mwenzake kapata". Sema wanatoka nyumba moja, karo inalipwa na mfuko mmoja, nauli moja, na uombe shule yenye nafasi karibu na alipo ndugu yake hata ikiwa si ile ile. Na uwaulize wenyewe. Mapacha wengine wanangoja kwa hamu siku ya kutenganishwa!

Mama Mapacha: Wallahi nimecheka. Ndivyo alivyosema huyo wa pili, eti apumue.

Kijana wa Likoni: Kuna bwana ananiambia nimtumie elfu kumi na tano kwa simu, atampenyeza mdogo wangu shule yoyote.

Karani wa Kilindini: Usitume hata shilingi. Mwenye kuingiza ombi ni mwalimu mkuu wa shule aliyotoka mdogo wako, na hilo ni bure. Huyo bwana anakula pande zote mbili: mtoto akipata kwa bahati yake, anasema ni yeye, akikosa, kabadilisha laini.

Mwalimu wa Kisauni: Swali la pembeni. Nina mtoto Gredi ya 5 darasani kwangu, anamaliza kazi kabla sijafuta ubao, kisha anaanza fujo. Mama yake anauliza kama shule za serikali zina darasa la wenye vipawa, na akikataliwa akate rufaa wapi.

Karani wa Kilindini: Mwalimu, hili ni swali la maana, ningependa liulizwe zaidi. Mtihani wa kuingia darasa la wenye vipawa kama wanavyofanya Marekani hatuna, kwa hiyo hakuna barua ya kukataliwa ya kukatia rufaa. Lakini sheria inamtambua. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, inapoeleza elimu ya mahitaji maalum, inataja wenye vipawa na talanta pamoja na wenye ulemavu. Watu wanadhani EARC, vile vituo vya tathmini, ni vya mtoto asiyeona au asiyesikia tu. Mama aende huko aombe tathmini, akiwa na barua yako. Na barua yako isiseme "mwerevu lakini msumbufu". Andika unachokiona: kazi ya dakika thelathini kaimaliza kwa saba, kaomba nyingine, hakupewa, ndipo akaanza. Ambatanisha madaftari mawili matatu. Ukipata jibu, rudi utuambie.

Mwalimu wa Kisauni: Hiyo ya dakika saba umejuaje? Ndiyo hasa.

Karani wa Kilindini: Wangu alikuwa hivyo hivyo. Alihamishiwa dawati la mbele kama adhabu, akawa anasahihisha ubao wa mwalimu.

Ami wa Changamwe: Nikiacha bweni nikaomba ya kutwa hapa hapa Mombasa, nitaonekana nimeshindwa?

Karani wa Kilindini: Na nani, ami? Bweni la C1 ni 53,554 kwa mwaka kabla hujanunua godoro. Ya kutwa serikali inatoa 22,244 kwa mwanafunzi, wewe unabaki na chakula cha mchana, sare na nauli. Angalia tu kama masomo yake yapo. Ukiwa ng'ambo ya Likoni, feri kwa mguu ni bure, ila mtoto atoke mapema, alfajiri foleni haina huruma.

Mama Mapacha: Tukiwa hapo kwenye bweni, sanduku la bati mlinunua wapi? Nimetajiwa bei hadi nikakaa chini.

Karani wa Kilindini: Zunguka Kongowea kabla wiki ya kuripoti haijafika, wiki ile bei inapanda kwa saa. Kandamiza kifuniko kwa kiganja, kikiingia ndani kama kopo la maziwa liache. Pindua uangalie bawaba kama zimepigwa ribiti au zimegundishwa tu. La binti yangu ziling'oka kwenye buti la basi, tukalifunga kwa kamba ya katani hadi muhula ukaisha.

Baba wa Jomvu: Nimeisoma yote sasa. Mwalimu mkuu wetu kwao ni Kwale, simu inaingia. Nampigia leo.

Karani wa Kilindini: Meseji, baba. Namba mwandikie kwa meseji.