Jinsi ya Kutumia Lebo ili Barua Zako Otomatiki Zisimfikie Asiyehusika

Barua pepe iliyonifunza kazi hii ilikuwa ya punguzo la bei. Tulikuwa tunauza kozi ya upigaji picha mtandaoni, nami nilikuwa nimeunda mtiririko, yaani mlolongo wa barua zinazojituma zenyewe, wa kuwakumbusha watu waliofungua ukurasa wa malipo kisha wakaondoka bila kulipa. Ulienda vizuri kwa wiki kadhaa, halafu majibu yakaanza kuingia: "Juzi nimelipa bei kamili, leo mnaniletea punguzo?" Walikuwa na haki ya kukasirika. Programu ya barua pepe iliwabandika lebo, yaani alama kwenye wasifu wao, ya "aliacha-malipo" siku waliyosita, nao walipolipa kesho yake hapakuwa na hatua yoyote ya kuibandua. Kwa programu, watu wale walikuwa bado wamesimama mlangoni.

Tangu hapo, kila lebo ninayounda huiandikia mambo mawili kabla sijaitumia: nini kitaibandika, na nini kitaibandua. Mwongozo huu umesimama juu ya hilo. Unafaa kwa programu yoyote inayoweza kumbandika mtu lebo na kuanzisha hatua kutokana na lebo hiyo, kama Mailchimp, ActiveCampaign au Kit. Vitufe vinatofautiana, mantiki ni ileile.

Hatua ya 1: Andika maamuzi kwanza

Usifungue programu bado. Chukua karatasi uandike maamuzi ambayo ungependa mtiririko wako uyafanye bila wewe kuwepo. Kwa mfano: nani apokee masomo ya mwanzo na nani aanzie ya juu? Nani asipelekewe tangazo la kozi ya video kwa sababu ameshainunua? Nani aachwe apumzike kwa kuwa jana tu amepokea barua nyingine ya mauzo?

Kila uamuzi unahitaji lebo moja, pengine mbili. Lebo isiyobadilisha uamuzi wowote iache. Nimewahi kukabidhiwa akaunti yenye lebo zaidi ya mia tatu, na nilipofuatilia kila moja niliona zinazotumika kweli hazifiki thelathini. Zilizobaki ziliwekwa kwa fikra ya "huenda tukazihitaji". Zilikuwa zinaficha zile zenye kazi.

Hatua ya 2: Jua kipi ni lebo na kipi si lebo

Hapa ndipo wengi hupotea, kwa hiyo twende polepole.

Lebo hujibu swali la ndiyo au hapana: anayo au hana. Haina tarehe, haina kiasi. Ukimbandika mtu "mnunuzi", lebo hiyo haikuambii kama alinunua wiki iliyopita au miaka mitatu iliyopita. Taarifa yenye thamani inayobadilika, kama tarehe ya ununuzi wa mwisho, lugha anayopendelea au idadi ya kozi alizomaliza, iweke kwenye uga, yaani kile kisanduku cha taarifa kilichopo kwenye wasifu wa kila mtu. Ukiona unaunda lebo "alinunua-januari", "alinunua-februari" na kuendelea, ujue ulihitaji uga mmoja wa tarehe.

Orodha nayo ni chombo kikubwa zaidi. Usigawe watu kwenye orodha nyingi kwa sababu ya tofauti ndogo ndogo. Katika Mailchimp, kwa mfano, mtu mmoja aliye kwenye hadhira mbili (ndivyo inavyoziita orodha) huhesabiwa kuwa watu wawili, na unalipia wote wawili. Tena taarifa zake za upande mmoja hazionekani upande wa pili. Weka watu wote mahali pamoja, kisha lebo zifanye kazi ya kuwatofautisha.

Kundi ni matokeo ya kuuliza: "Nipe wote wenye lebo hii, wasio na ile, ambao tarehe yao ya mwisho imepita siku 90." Kundi hujijaza na kujipunguza lenyewe kadiri taarifa zinavyobadilika. Lebo haijibadilishi. Hubaki pale ulipoiweka hadi mtu au mtiririko uiondoe.

Hatua ya 3: Zipe majina yanayojieleza

Mimi hutumia neno la aina, nukta mbili, kisha jambo lenyewe, kwa herufi ndogo tupu:

- nia:video (ameonyesha kupendezwa na kozi ya video)
- mnunuzi:video (ameinunua)
- kiwango:mwanzo na kiwango:mzoefu
- ndani:mauzo (sasa hivi yuko katikati ya mtiririko wa mauzo)
- anza:mauzo-video (lebo ya kuanzisha mtiririko, huondolewa mara moja)

Aina tano hizo zimenitosha katika kazi nyingi. Faida yake ni kwamba lebo zinajipanga zenyewe zikiorodheshwa kwa alfabeti, na mwenzako anayeingia kesho anaelewa bila kuuliza. Kuwa mkali na tahajia, maana "nia:video" na "nia-video" ni lebo mbili tofauti, na mtiririko unaosubiri moja hautaijali nyingine.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Fungua jedwali lenye safu nne: jina la lebo, kinachoibandika, kinachoibandua, na mitiririko inayoitumia. Usipoweza kujaza safu ya tatu, simama ufikiri upya. Zipo lebo ambazo kwa haki hazibanduliwi, kama "mnunuzi:video", lakini hilo nalo liandike waziwazi.

Hatua ya 4: Chagua ishara unazoziamini

Lebo ni kweli kadiri ishara iliyoizaa ilivyo kweli. Ninazipanga hivi, kuanzia imara hadi dhaifu: malipo yaliyokamilika, jibu ambalo mtu amelitoa mwenyewe kwenye fomu, kubofya kiungo, na mwisho kabisa kufungua barua.

Kufungua barua sikutumii tena kubandika lebo yoyote. Tangu Septemba 2021, ilipotoka iOS 15, toleo la mfumo wa simu za iPhone, programu ya Mail ya Apple inaweza kupakua picha za barua kabla mtu hajaigusa, ikiwa amewasha ulinzi wa faragha. Kwa kuwa ufunguaji hupimwa kwa picha ndogo isiyoonekana, takwimu zako zitasema barua imefunguliwa hata kama mwenyewe amelala. Mtiririko unaosema "akifungua, mbandike nia:video" utawabandika watu ambao hawajawahi kuiona barua hiyo.

Kubofya kuna ukweli zaidi, ila nako kuna mtego. Mifumo ya usalama ya baadhi ya makampuni hupitia viungo vyote vya barua inapoingia ili kuvikagua. Dalili yake ni mtu mmoja kubofya viungo vyote, hata vya chini kabisa, ndani ya sekunde chache tangu barua ifike. Kwa lebo yenye uzito mdogo puuza jambo hilo. Lebo ikianzisha barua nne za mauzo, taka ishara ya pili: mtu afike kwenye ukurasa na abonyeze kitufe huko, au ajaze fomu fupi.

Njia ninayoipenda kuliko zote ni kumuuliza mtu. Katika barua ya kumkaribisha, weka swali moja na viungo viwili: "Umeanza tu kujifunza" na "Umekuwa ukifanya kwa muda". Kila kiungo kibandike kiwango chake na kibandue kile kingine. Hilo la pili husahaulika sana, kisha unakuta mtu ana kiwango:mwanzo na kiwango:mzoefu kwa pamoja, na mtiririko unafuata tawi lolote linalokuja kwanza.

Hatua ya 5: Jenga mtiririko wenyewe

Tuchukue mtiririko wa kuuza kozi ya video kwa mtu aliyebonyeza kitufe cha "nataka kujua zaidi". Kitufe hicho kinabandika lebo mbili: nia:video na anza:mauzo-video.

1. Kichocheo: lebo anza:mauzo-video imebandikwa.
2. Kitendo cha kwanza kabisa: bandua anza:mauzo-video.
3. Sharti: je, ana mnunuzi:video au ndani:mauzo? Kama anayo mojawapo, atoke bila kuguswa.
4. Bandika ndani:mauzo.
5. Tuma barua ya kwanza, yenye somo fupi la bure. Subiri siku 2.
6. Gawa njia kwa kiwango. Wanaoanza wapate barua ya kuondoa hofu, wazoefu wapate barua inayoonyesha mbinu za juu. Asiye na lebo ya kiwango apewe barua ya jumla. Subiri siku 3.
7. Tuma ofa. Subiri siku 4.
8. Mwisho: bandua ndani:mauzo, na bandua nia:video.

Juu ya mlolongo huo weka lengo: wakati wowote mtu akibandikwa mnunuzi:video, aruke hadi hatua ya 8.

Nitaeleza mambo matatu, kwa sababu ndiyo yanayotenganisha mtiririko unaoonekana vizuri na ule unaofanya kazi vizuri.

La kwanza ni kuibandua lebo ya kuanzisha papo hapo. Katika programu nyingi, kumbandika mtu lebo ambayo tayari anayo hakuanzishi chochote. Mtu akirudi baada ya miezi sita na kubonyeza tena kitufe kilekile, na ile lebo bado imemganda, hatapata kitu. Ukiibandua mwanzoni, mlango unabaki wazi kwake. Hakikisha pia umeruhusu mtu kuingia kwenye mtiririko zaidi ya mara moja, maana mara nyingi mpangilio wa awali ni mara moja tu.

La pili ni njia ya kutokea. Aliyenunua akiondolewa kwenye mtiririko kwa ghafla, hatua ya 8 haimfikii, na ndani:mauzo inabaki naye. Kuanzia hapo, mitiririko mingine yote ya mauzo itamruka kwa kudhani yuko katikati ya mauzo. Hitilafu hii haina kelele. Hakuna anayelalamika kwa barua ambayo hakuipata, na ndiyo maana nataka kila anayetoka apitie mlango mmoja.

La tatu ni nia:video kubanduliwa hata kwa asiyenunua. Nia hupoa. Aliyesoma barua tatu na hakununua ametoa jibu lake kwa wakati huo, na mtiririko usiendelee kumchukua kama mtu mwenye hamu.

Kwa mtiririko wa walioacha malipo, ongeza kusubiri kwa saa moja hivi kabla ya ukaguzi wa sharti. Taarifa ya malipo wakati mwingine huchelewa kufika kutoka mfumo wa malipo hadi programu ya barua, na dakika hizo chache zinatosha kumtumia mlipaji barua ya "umesahau kulipa".

Hatua ya 6: Zuia mitiririko isigombanie mtu mmoja

Ukiwa na mitiririko minne ya mauzo, siku moja mtu ataingia yote. Lebo ndani:mauzo ndiyo kufuli: kila mtiririko wa mauzo uiangalie kabla ya kuanza, uibandike ukianza, uibandue ukiisha. Barua za risiti na za huduma zisiiangalie kamwe, maana mtu aliyelipa anastahili risiti yake papo hapo.

Faida yake si adabu tu. Tangu Februari 2024, Google inawataka wanaotuma ujumbe 5,000 au zaidi kwa siku kwenda Gmail waweke njia ya kujiondoa kwa mbofyo mmoja kwenye barua zao za masoko, na malalamiko ya barua taka yasifike asilimia 0.3. Hayo ni malalamiko 3 katika kila barua 1,000. Mtu anayepokea barua tatu za mauzo kwa siku moja hukaribia sana kitufe cha "barua taka".

Hatua ya 7: Jaribu kwa watu wa kubuni

Tengeneza wasifu wa majaribio kwa anwani zako mwenyewe: mgeni asiye na lebo yoyote, mwenye nia, aliyenunua katikati ya mtiririko, na aliyerudi mara ya pili. Fupisha kusubiri kote kuwe dakika moja, wapitishe, kisha usiishie kuangalia barua zilizofika. Fungua wasifu wa kila mmoja uone amebaki na lebo zipi. Aliyenunua katikati abaki na mnunuzi:video na kiwango chake, basi. Rudisha muda wa kusubiri kabla ya kuwasha.

Kumbuka pia kwamba kichocheo cha lebo kwa kawaida hakiwagusi waliokuwa nayo kabla mtiririko haujawashwa. Ukitaka nao waingie, waongeze mwenyewe, kwa mafungu madogo.

Hatua ya 8: Fagia kila robo mwaka

Pitia jedwali lako. Lebo isiyotumiwa na mtiririko wowote ifute. Tafuta watu wenye lebo zinazopingana, na hasa wenye ndani:mauzo kwa zaidi ya wiki mbili wakati mtiririko wako ni wa siku tisa. Hao wamekwama mahali, na wakifuatiliwa watakuonyesha ufa ulipo.

Ukiwa kwenye ufagizi huo, soma kila jina la lebo kana kwamba mwenyewe amesimama nyuma yako. Chini ya sheria ya ulinzi wa data ya Umoja wa Ulaya, iliyoanza kutumika 25 Mei 2018, mtu ana haki ya kuomba nakala ya taarifa zake zote ulizonazo, na lebo ni sehemu ya taarifa hizo. Ukikuta "msumbufu" au "mbahili", ifute leo. Na lebo inayogusa afya, dini au siasa ya mtu usiiunde kwa kubahatisha kutokana na alichobofya. Taarifa za aina hiyo sheria hiyo imezipa ulinzi wa juu zaidi.