SOMO: Kupiga ditekta karibu na karasha, kontena na nyumba za mabati

Wakuu, habari za kazi. Hapa Chunya, kwenye machimbo ya dhahabu, wengi tunapita mbali na karasha (mashine ya kusaga mawe ya dhahabu) kwa sababu ditekta, mashine yetu ya kutafutia dhahabu ardhini, hailii kwa mpangilio, inapiga kelele tu. Lakini mawe yamemwagwa hapo miaka na miaka, na eneo halijaguswa. Linapigika, ila kwa utaratibu.

Hatua ya 1. Balansi udongo (yaani izoeze ditekta udongo wa hapo) ukiwa mbali, hatua kumi au zaidi kutoka kwenye chuma. Ukibalansi umesimama ubavuni mwa kontena, mashine italihesabu kontena kuwa sehemu ya udongo, na kuanzia hapo inakudanganya.

Hatua ya 2. Funga koili ndogo, ile sahani ya chini inayopita juu ya ardhi. Ya inchi 11 inauona ukuta mapema mno. Ya inchi 6 utasogea karibu zaidi. Sensitiviti, yaani ukali wa mashine kusikia, nayo shusha kidogo kidogo mpaka kelele itulie.

Hatua ya 3, na hapa ndipo wengi tunakosea. Usifagie kuelekea ukutani. Kila koili inapokwenda na kurudi, mlio unapanda na kushuka kama vile kuna kitu chini. Fagia sambamba na ukuta, umbali uleule. Ditekta nyingi husikia mabadiliko. Ukuta usipobadilika umbali, unafifia, na kipande cha ardhini ndicho kinachoruka juu ya kelele.

Hatua ya 4. Jipime. Weka chini kipande cha madini ya risasi (ledi), saizi ya punje ya maharage, umbali uleule na ukuta, upitishe koili. Hukisikii? Basi na dhahabu ya saizi hiyo hutaisikia. Rudi nyuma nusu hatua, ujaribu tena. Mimi hiyo risasi haitoki mfukoni.

MASWALI

— Mkuu, nikikata chuma kwenye diskrimineshoni, kile kichujio cha aina za metali, si ukuta utanyamaza?
Unaweza kunyamaza, na dhahabu iliyo pembeni yake ikanyamaza nayo. Tena bati pana huwa linaichanganya mashine, inalisoma kama si chuma. Sikiliza milio yote.

— Kwa nini ukuta unasikika mita nzima, kipande sentimita chache tu?
Kitu kidogo umbali ukiongezeka mara mbili, mlio wake hupungua takriban mara 64. Ukuta ni mkubwa, haupotei haraka hivyo.

— Yangu inakwaruza hata nikiishika bila kuitikisa.
Huo si ukuta, angalia nyaya za umeme juu. Badili frikwensi, au geuza koili upande mpaka upate pa kimya.

— Kila nikipiga hatua inalia, hata porini!
Buti zako zina chuma mbele, kaka. Na sururu usiiburuze nyuma yako.

— Mwenye leseni akitukuta?
Muone kabla hujawasha mashine, mkubaliane mgao. Ukishaokota kipande, bei ya mazungumzo inapanda.