Kabla Hujashika Bisibisi, Uliza

Natengeneza cherehani. Ni kazi ya mikono, lakini kilichonidumisha ndani yake ni udadisi, na naamini kwa dhati kwamba udadisi hufundishika kama kazi nyingine yoyote. Nitaeleza ninavyoufanyia mazoezi. Uwe muuguzi, karani au dereva, njia ni ile ile.

Nianze na kosa lililonifundisha. Mwaka wangu wa kwanza nilishinda na cherehani moja kutwa nzima. Juu ya kitambaa mshono ulionekana sawa, lakini ukikigeuza, chini uzi umerundikana kama kiota cha ndege. Kwa kuwa tatizo lilionekana chini, nikafungua chini. Nikatoa bobini, kile kigurudumu kinachobeba uzi wa chini, nikasafisha, nikabadilisha, nikakaza skrubu, nikailegeza tena. Kiota hakikuondoka. Jioni fundi aliyekuwa ananifundisha akasogea, akanyanyua ule mguu unaokandamiza kitambaa, akauchomoa uzi wa juu wote na kuutunga upya. Mshono ukatoka safi pande zote mbili.

Kumbe mguu ukiwa umeshushwa, vile visahani viwili vya kukaza uzi huwa vimebanana, na ukitunga uzi wakati huo hauingii katikati yake. Unapita pembeni, umelegea, na ulegevu wote huo unavutwa kwenda kurundikana chini. Ugonjwa uko juu, kidonda kinatokea chini.

Uzi wa juu siku ile ulikuwa mweusi, wa bobini mweupe. Kile kiota kilikuwa cheusi. Jibu lilikuwa mbele ya macho yangu tangu asubuhi, ila sikuwa nimejiuliza uzi ule umetoka wapi.

Kwa hiyo zoezi la kwanza ni hili: kabla ya kugusa chochote, tamka unachokiona bila kukitafutia sababu. "Chini pamerundikana uzi mweusi" ni jambo ulilolishuhudia. "Bobini imeharibika" ni hukumu. Karani anayesema "hesabu hupungua siku za Ijumaa" ana mahali pa kuanzia. Anayesema "mwenzangu mzembe" amekwisha kufunga mlango. Mimi hulitamka kwa sauti, hata nikiwa peke yangu, kwa sababu nikilisikia najua mara moja kama nimeongeza la kwangu.

La pili linahusu watu, na hapa ndipo nilipochelewa zaidi kujifunza. Zamani mteja akileta cherehani nilikuwa namuuliza, "Kwa nini umeiacha ikafika hivi?" Uso wake hufunga pale pale, na maneno yote yanayofuata ni ya kujitetea. Neno "kwa nini" linamfaa sana mtu anayejiuliza mwenyewe, lakini ukimwelekezea mwenzio linakuwa kama kesi. Siku hizi nasema, "Hebu nisimulie, mama, ilivyoanza." Mama mmoja alisimulia kwa kirefu, na katikati ya mambo mengine akataja kwamba mishono ilianza kuruka wiki aliyoanza kushona jinzi. Sikuifungua cherehani hata kidogo. Sindano ilikuwa nyembamba mno kwa kitambaa kile; tulibadilisha, akaondoka anashona. Msikilize mtu hadi amalize, hasa anapoonekana ametoka nje ya mada.

Ukishapata dhana, ijaribu kwa kubadilisha kitu kimoja tu. Ukibadilisha vitatu na mambo yakakaa sawa, umepona bila kujua dawa.

Halafu kisia kabla ya kutafuta jibu kwenye simu. Dakika mbili tu za kukisia zinatosha. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, waliwapa watu maswali, na walipokuwa wakisubiri majibu wakawaonyesha picha za nyuso. Maswali yaliyowatia hamu zaidi, majibu yake yalikumbukwa vizuri zaidi, na hata zile nyuso zisizohusiana kabisa na swali zilikumbukwa zaidi. Ile hamu ya kusubiri inafanya kazi kichwani. Usiikate mapema.

Na swali lako likichekwa, usilitupe. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa sekondari Tanganyika (sasa Tanzania), aliona mchanganyiko wa maziwa alioutia kwenye friji ungali moto ukiganda kabla ya ule wa mwenzake ambao haukuchemshwa. Mwalimu akamwambia amechanganyikiwa. Baadaye akamuuliza mwanafizikia Denis Osborne aliyekuja kuzungumza na wanafunzi, na wenzake wakamcheka. Osborne akaenda kulipima, na mwaka 1969 wakaandika makala pamoja. Wanasayansi wanabishana hadi leo juu ya jambo hilo. Ninachokipenda zaidi ni kwamba alilibeba swali lile miaka yote hiyo mpaka akampata wa kumuuliza.

Udadisi una mpaka, nao ni rahisi kuujua: kama swali huwezi kumuuliza mhusika usoni, huo ni umbeya, uache.

Nyumbani nako, usiharakishe kumjibu mtoto. Binti yangu aliniuliza mbona mwezi unatufuata tukitembea. Nikamwambia, "Unaonaje wewe, mwanangu?" Akasema labda unatupenda. Tukatembea hatua ishirini tukitazama vitu vitatu: mti wa karibu, mnara wa mbali, na mwezi. Mti ukabaki nyuma yetu haraka, mnara ukasogea kidogo, mwezi ukakaa pale pale. Akasimama, akafikiri, akasema, "Uko mbali sana, ndiyo maana hatuwezi kuupita." Hapo ndipo nilipomtajia zile kilomita 384,000, kwa wastani. Namba hiyo anaikumbuka hadi leo, kwa kuwa ilikuta nafasi yake ipo tayari.

Mwisho, uwe na daftari. Kurasa za kushoto naandika maswali, za kulia majibu na tarehe. Zipo za kulia zilizokaa tupu miezi mingi, nami sioni haya kuziacha hivyo. Swali la wiki hii ni cherehani mbili za aina moja, nilizozitia mafuta yale yale siku moja. Moja hupiga kelele asubuhi tu, ikifika saa nne imenyamaza. Kesho nitawahi kufungua niisikilize ingali baridi.