Jinsi ya kusoma majibu ya kipimo cha usingizi, usishike ile AHI peke yake

Mimi ni dereva wa trela, Malaba–Kampala ndo maisha yangu. Kwa miaka kama minne nilikuwa naamka nimechoka kuliko nilivyolala, mpaka tanboi wangu akakataa kulala kabini na mimi, anasema mzee unakoroma alafu unanyamaza ghafla kama mtu amekata roho. Nikaenda kupimwa, usiku mzima waya kichwani, nikapewa karatasi moja: AHI 9, tatizo dogo, punguza kilo. Basi. Nikarudi barabarani na sikuelewa kitu.

Sasa cha kwanza, usitoke hapo na karatasi moja. Omba ripoti yote, zile kurasa za nyuma zenye majedwali na grafu, manake ukurasa wa mbele ni muhtasari tu na shida ya mtu mara nyingi iko nyuma.

Alafu uelewe AHI ni nini. Ni mara ngapi kwa saa moja pumzi ilikatika au ilipungua sana, na mkato unahesabiwa ukifika sekunde 10 kwenda juu. Kwa mtu mzima chini ya 5 iko sawa, 5 mpaka 15 ni kidogo, 15 mpaka 30 ya kati, 30 na kuendelea ni kali. Lakini hii kitu ni wastani wa usiku wote bana, ni kama kukuambia barabara iko nzuri kwa wastani wakati mashimo yote yamekaa kilomita moja. Chukua kalamu upige hesabu mwenyewe. Mimi nililala masaa 5, pumzi ikakatika mara 45, 45 gawa kwa 5 ni 9, sawa hawakudanganya. Ila kwenye jedwali la jinsi nilivyolala, saa moja na nusu nilikuwa chali na hapo peke yake ni mara 36, yaani 24 kwa saa, na zile saa tatu na nusu za ubavu zilikuwa mara 9 tu, hata 3 kwa saa haifiki. Kumbe nikilala chali siko kidogo, niko wa kati! Na nyumbani mimi hulala chali karibu usiku mzima, huko kwa kipimo waya ndo zilinilazimisha ubavu. Angalia pia AHI ya wakati wa REM, ule usingizi wa ndoto, misuli ya koo hulegea zaidi hapo na wengine shida yao yote iko humo.

Kitu kingine, namba imegawanywa kwa saa gani? Kama ulipewa kamashine ka kulala nako nyumbani, kengi hakapimi ubongo, hakajui ulilala masaa mangapi kweli, kanagawa kwa muda wote kalipowashwa. Mimi nilikuwa kitandani masaa 7. Zile 45 zangu ukigawa kwa 7 inakuja 6 na kitu, mtu yule yule, usiku ule ule, namba imeshuka. Kwa hiyo kipimo cha nyumbani kikisema uko sawa na bado unasinzia mchana, rudi uombe kile kikubwa cha waya kichwani.

Oksijeni ya kwenye damu usiiruke. Usiangalie tu ilishuka mpaka ngapi, kidole chenye kile kipimo kikicheza kidogo mashine inaweza soma vibaya, angalia ilikaa dakika ngapi chini ya asilimia 90. Kama ni dakika nyingi muulize daktari hata kama AHI yako ni ndogo.

Hatua za usingizi, N1, N2, N3, watu wanaogopa bure. N3 ndo ule mzito na unapungua na umri, na usiku wa kwanza mahali pageni watu wengi wanalala vibaya. Mimi nililala masaa 5 kati ya 7 ya kitandani, kama asilimia 71, na wanataka 85 hivi, lakini nani analala vizuri amefungwa waya kama redio mbovu? Miguu ndo uiangalie: kama inaruka zaidi ya mara 15 kwa saa, na jioni unasikia inakusumbua mpaka uitembeze, omba wapime akiba ya chuma kwenye damu.

Na umwambie daktari ukweli wa usiku ule. Mimi sikuonja waragi siku ya kipimo, nyumbani nilikuwa naonja, na pombe inalegeza koo, so ripoti ilimpima mtu mwingine kabisa.

Kama kila kitu kimekuja sawa na bado hulali, haimaanishi unadanganya ssebo. Kile kipimo kinatafuta pumzi na miguu zaidi, ule ugonjwa wa kukodoa macho mpaka saa kumi usiku haujulikani kwa waya, unajulikana kwa kuulizwa maswali na kuandika kwa wiki mbili umelala saa ngapi na kuamka saa ngapi. Dawa yake ya kwanza si vidonge, ni kupangiwa upya masaa ya kulala na tabia za kitandani.

Mimi nilirudi kwa daktari mwingine na majedwali yangu, nikauliza matatu tu: nikiwa chali ni ngapi, chini ya 90 ni dakika ngapi, na kama ni mashine ya CPAP, ile ya kupuliza hewa puani usiku koo lisizibe, inakula umeme kiasi gani, manake stima ikipotea usiku au nikiwa kabini itabidi betri. Akasema tuanze na ubavu. Mama watoto akashona mpira wa tenesi mgongoni mwa fulana, nikilala chali unanichoma nageuka. Mwezi ujao napimwa tena nimeivaa. Tanboi amerudi kabini, ila analalamika trela inatikisika kila nikigeuka.