Nevasi au melanoma? Namna ya kupima protini kwenye doa la ngozi lenye utata

Yapo madoa ya ngozi ambayo hata mpatholojia mzoefu akiyatazama kwa hadubini hawezi kuapa kama ni nevasi (doa lisilo saratani) au melanoma (saratani ya seli za rangi ya ngozi). Hapo kingamwili, yaani molekuli zinazonasa protini maalumu na kuonekana zikitiwa rangi, husaidia: huonyesha protini gani zimo kwenye seli, na zimekaa wapi.

Kazi huharibika mapema, siku ileile nyama inapokatwa. Itumbukize mara moja kwenye fomalini (dawa ya kuhifadhi nyama) ya asilimia 10 yenye bafa, ujazo mara kumi ya nyama, ikae saa 6 hadi 72. Ikitolewa mapema, katikati hubaki mbichi. Ikipitiliza sana, protini hufungamana na kingamwili hazizitambui tena. Nyama ikishawekwa kwenye bloku ya nta, kata vipande vya maikromita 4 na uviweke kwenye slaidi zenye chaji, la sivyo vitabanduka vikichemshwa. Kata vya akiba papo hapo, maana doa dogo huisha haraka kwenye bloku.

Ondoa nta kwa zailini, shusha kwa ethanoli ya asilimia 100, 95 na 70, kisha, ili kingamwili ziweze kuzifikia protini, chemsha kwenye kimiminika cha Tris-EDTA cha pH 9, nyuzi 95 hadi 98, dakika 20. Ziache slaidi zipoe humohumo dakika 20 nyingine. Nyama ikikauka hapa, rangi itashika ovyo, hasa kingoni.

Rangi ndiyo inayowapotosha wengi. DAB, rangi inayoonyesha kingamwili iliponasa, hutoa kahawia, na melanini, rangi asilia ya ngozi, nayo ni kahawia. Kwenye doa jeusi la unyayo utaona kahawia tupu usijue ipi ni protini. Tumia rangi nyekundu inayotolewa na kimeng'enya cha fosfatasi alkali, na kila mara andaa slaidi moja ya mgonjwa huyohuyo bila kingamwili ya kwanza, yaani ile inayonasa protini yenyewe. Kahawia utakayoiona humo ni melanini.

Kwa PRAME, protini inayopatikana zaidi kwenye melanoma, hesabu viini vya seli peke yake. Rangi ikishika zaidi ya asilimia 75 ya viini vya uvimbe, melanoma inapata uzito mkubwa. Ili kuhakiki kwamba kingamwili inafanya kazi, ipake pia kwenye nyama ya korodani, ambayo hushika. Tezi za mafuta za ngozi yenyewe nazo hushika. p16, protini inayozuia seli kugawanyika, ikipotea kabisa ni dalili mbaya, lakini usiiamini kama seli za jirani nazo hazikushika: huenda kingamwili ndiyo imekufa. HMB45, kingamwili ya protini ya seli za rangi ya ngozi, kwenye nevasi hukolea juu na kufifia chini. Ki-67, protini ya seli zinazogawanyika, ipake pamoja na Melan-A, protini ya seli za rangi ya ngozi, kwani limfosaiti (seli za kinga) nazo hugawanyika na zitakudanganya. Seli za uvimbe zinazogawanyika chini kabisa ndizo za kutilia shaka.

Melanoma ya desmoplastiki (aina yenye nyuzinyuzi nyingi) mara nyingi haina PRAME, na baadhi ya nevasi za Spitz, aina inayofanana na melanoma, zinayo. Kwa hiyo soma zote pamoja na umbo la uvimbe. Zikipingana, liandike hilo wazi kwenye majibu, omba jicho la pili au kipimo cha jeni, na mshauri daktari auondoe uvimbe wote kwa kingo safi.