Jinsi ya Kuandaa Hafla ya Kuwashukuru Girl Guides wa Kata Yako

Katika sherehe nyingi za hadhara nchini Tanzania, vijana wa skauti na wasichana wa Girl Guides, chama cha wasichana kinachofanana na skauti, hufika kabla ya wageni wote. Wao ndio wanaomvisha mgeni rasmi skafu, wanaowaonyesha wazee pa kukaa, na mara nyingi wanaobaki nyuma kuokota chupa za maji baada ya magari kuondoka. Kwa sababu hiyo, kamati ya shule au ya mtaa inapoamua kuwashukuru wasichana hawa kwa huduma waliyoitoa kwa jamii, jambo la kwanza la kuchunga ni hafla hiyo isije ikageuka kuwa zamu nyingine ya kazi kwao. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuandaa hafla ndogo, ya ngazi ya kata au shule, ambamo wasichana watakaa kwenye viti na watu wazima ndio watakaohudumu.

Kazi inaanza wiki kadhaa kabla, na haianzi na turubai wala kipaza sauti. Inaanza kwa kujua kwa uhakika wasichana hao walifanya nini. Kiongozi wa kikundi, ambaye mara nyingi ni mwalimu anayejitolea bila posho, huwa na daftari la mikutano na shughuli. Ombeni mlisome pamoja naye. Kisha nendeni kwa waliohudumiwa: muuguzi wa zahanati ambayo uwanja wake ulipandwa miti, mwenyekiti wa mtaa ambaye mfereji wake ulizibuliwa kabla ya masika, walimu wa shule ya msingi ambako wasichana walifundisha kunawa mikono. Ulizeni kila mmoja kitu gani kilibadilika, na andikeni jibu kwa maneno yake mwenyewe. Maelezo ya aina hii ndiyo yatakayoibeba hafla nzima, kwa kuwa sifa ya jumla kwamba wasichana hawa ni "mfano wa kuigwa" inaweza kusomwa mahali popote na kwa kikundi chochote, na msichana anayeisikia anajua hivyo.

Hapa kuna aibu moja ambayo kamati inapaswa kuivuka mapema. Vikundi vingi hufundisha wasichana wenzao kuhusu hedhi na kushona taulo za kike za kufua, na vingine vimeshughulikia lishe na upungufu wa damu. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoendesha mradi wa Girl Powered Nutrition wa shirikisho lao la dunia. Inapofika wakati wa kuandika risala, wazee wa kamati huona haya na kuandika "masuala ya usafi". Kama kazi iliyofanyika ni ya hedhi, itajwe hivyo hivyo. Waulizeni wasichana wenyewe wangependa kazi yao ielezwe vipi mbele ya baba zao na viongozi wa dini. Kwa kawaida wao wameshazoea kulitamka neno hilo bila wasiwasi kuliko sisi.

Kuhusu tarehe, siku inayobeba maana zaidi kwao ni 22 Februari, Siku ya Kutafakari Duniani, ambayo imekuwa ikiadhimishwa tangu 1926. Ni siku ya kuzaliwa ya Robert Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, na pia ya mkewe Olave, na kaburi lao liko Nyeri, Kenya, ambako skauti na Girl Guides hukusanyika kila mwaka wakati huo. Tarehe 11 Oktoba, Siku ya Kimataifa ya Mtoto wa Kike, inafaa pia, ila wasichana wa kidato cha nne wakati huo wanajiandaa na mtihani wa taifa wa Novemba na huenda wasipate nafasi ya kupumua. Siku ya Kujitolea, 5 Desemba, inalingana na mada lakini wanafunzi wengi wamekwisha kutawanyika. Kama hakuna tarehe inayofaa kati ya hizi, Jumamosi yoyote ya asubuhi inatosha. Epukeni siku ambayo kata ina mkutano mwingine mkubwa, kwa sababu shukrani itakayopachikwa kama kipengele cha nne katika ajenda ya mkutano wa maendeleo itasomwa haraka haraka wakati watu wananyanyuka kwenda kula.

Kabla ya kuchapisha chochote, wasilianeni na kamishna wa Girl Guides wa wilaya au mkoa. Hii si adabu tu. Chama kina beji na nishani zake, na vinatolewa kwa utaratibu wake. Beji ya majani matatu inawakilisha sehemu tatu za ahadi ambayo kila mwanachama huiweka, na kwa hiyo haifai kuchapishwa kwenye fulana za kamati au kubandikwa kifuani mwa diwani kama pambo. Nyinyi toeni shukrani ya jamii, chama kitoe heshima zake, na kila upande ubaki kwenye nafasi yake.

Cheti kinahitaji uangalifu kuliko keki. Majina yaandikwe kama yalivyo kwenye cheti cha kuzaliwa au fomu ya shule, maana msichana atakiambatisha kwenye maombi ya chuo au kazi miaka mitatu baadaye, na herufi moja iliyokosewa itamletea maswali. Maneno yake yataje kazi, mahali na kipindi. Kwa mfano: "Cheti hiki kimetolewa kwa (jina) kwa kushiriki kufundisha usafi wa mikono katika Shule ya Msingi (jina) na kupanda miti ya kivuli katika zahanati ya kijiji, kati ya Machi na Agosti." Kitiwe saini na mwenyekiti wa kamati na Afisa Mtendaji wa Kata, na kipigwe muhuri. Wasichana waliohitimu na kuondoka kikundini wakumbukwe pia. Tafuteni wazazi wao na wapelekewe vyao.

Ama zawadi, iwe mali ya kikundi na ihusiane na kazi inayoendelea. Cherehani kwa wanaoshona taulo za kike, sanduku la huduma ya kwanza, turubai la kambi, sufuria kubwa, au barua ya mkuu wa shule inayowapa chumba cha kukutania kila wiki. Zawadi hii ya mwisho haina gharama, na mara nyingi ndiyo inayohitajika kuliko zote. Bahasha za fedha kwa msichana mmoja mmoja huzua manung'uniko, kwani wapo waliofanya kazi mwaka mzima na wapo waliojiunga wiki iliyopita.

Siku yenyewe isizidi saa moja na nusu. Mgeni rasmi avishwe skafu wasichana wakipenda, kwa kuwa ni desturi yao na wengi huifurahia, lakini baada ya hapo wakae kivulini, mstari wa mbele, pamoja na wazazi wao. Soda, maji na vitafunwa vigawiwe na wajumbe wa kamati. Wasiombwe kuimba wala kucheza ngoma ya kumkaribisha mtu. Mshereheshaji aelezwe hayo wazi siku moja kabla, kwani wengi wao, kila ratiba inapolegea, hukimbilia kusema, "Hebu mabinti watuchangamshe."

Kwa desturi, risala huandikwa na wenyeji wa hafla na kusomwa kwa mgeni rasmi, nayo huishia na orodha ya maombi. Safari hii geuzeni mwelekeo: wakazi ndio wasome, na wawasomee wasichana. Muuguzi, mwalimu na mwenyekiti wa mtaa wapewe dakika tatu kila mmoja kueleza walichokiona. Historia fupi inaweza kutiwa humo, ili wasichana wasikie kwamba wanatoka mbali: mwaka 1909 wasichana kadhaa walijitokeza Crystal Palace, London, kwenye mkusanyiko wa skauti wa kiume na kudai nao wahesabiwe, mwaka uliofuata Girl Guides ikaanzishwa, ikiongozwa na Agnes Baden-Powell, dada yake Robert, harakati hizo zikafika Kenya mwaka 1920 na Tanganyika mwaka 1928, mwaka uleule lilipoundwa shirikisho la dunia. Aya moja inatosha. Mgeni rasmi naye atumiwe maelezo ya kazi za kikundi siku chache kabla, yawe kwenye ukurasa mmoja, ili hotuba yake iwahusu wasichana waliokaa mbele yake na isiwe hotuba ya barabara na umeme.

Baada ya vyeti, msichana mmoja aliyechaguliwa na wenzake, si na kamati, apewe nafasi ya kusema neno. Hotuba yake isihaririwe. Ikiwa atasema kwamba mfereji uliozibuliwa umejaa takataka tena, mtendaji atakuwa yuko palepale kusikia.

Picha zinahitaji ruhusa. Chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, kwa hiyo ombeni idhini ya maandishi kwa mzazi au mlezi kabla ya siku hiyo, na mumuulize pia msichana mwenyewe. Msiweke mitandaoni jina kamili pamoja na sura na shule, hata kwa nia ya kumpongeza. Picha ya kundi zima, yenye jina la kikundi tu, inatosha kwa ukurasa wa kata.

Katika wiki inayofuata, pelekeni nakala ya risala kwa kamishna wa wilaya, ombeni iingizwe katika kumbukumbu za kikao kijacho cha Kamati ya Maendeleo ya Kata, na nakala nyingine ikabidhiwe kwa kiongozi wa kikundi aibandike katika daftari lake la shughuli. Viti vilivyoazimwa virudishwe siku ileile ya hafla, na vibebwe na wajumbe wa kamati.