Namna ya Kusoma Majibu Tata ya Kipimo cha Homa ya Ini Aina ya B

Katika maabara ninayofanyia kazi hapa Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda, karatasi inayotutaabisha zaidi ni ile yenye HBsAg hasi, anti-HBs hasi na anti-HBc chanya. Mama mmoja aliikunjua mbele yangu akauliza, "Daktari, sasa ninao au sina?" Swali lake ni la haki, na hujibiwa kwa hatua.

Kwanza, tambua kila kipimo kinasema nini. HBsAg ni kipande cha ganda la kirusi. Ikionekana, kwa kawaida kirusi kimo mwilini, ingawa mtu aliyechanjwa siku chache zilizopita anaweza kuionyesha kwa muda. Anti-HBs ni kingamwili ya kinga, na mIU 10 kwa mililita au zaidi huhesabiwa kuwa inatosha. Anti-HBc ni kingamwili dhidi ya kiini cha kirusi; huletwa na kirusi chenyewe, kamwe si chanjo. Kwa hiyo usimwambie mgonjwa kwamba imeletwa na sindano ya chanjo tu.

Pili, uliza umri na historia. Uganda ilianza kuwachanja watoto wachanga mwaka 2002, hivyo wengi waliozaliwa kabla ya hapo walikua bila kinga hiyo, na kaskazini ndiko maambukizi yalikoenea zaidi. Kwa mtu mzima wa huku, maana ya kawaida ya karatasi ile ni kwamba aliambukizwa zamani, akapona, na anti-HBs ikafifia. Kwa mtoto mchanga, anti-HBc hiyo huenda imetoka kwa mama yake.

Tatu, rudia kipimo kwa damu mpya, ikiwezekana kwa kitendanishi cha aina nyingine, maana chanya ya uongo ipo.

Nne, pima anti-HBc ya IgM, yaani kingamwili ya mwanzo inayoashiria maambukizi mapya, iwapo macho yamekuwa manjano au aliambukizwa karibuni: kuna kipindi ambacho HBsAg imeshatoweka na anti-HBs haijatokea.

Tano, omba kipimo cha DNA ya kirusi ikiwa vimeng'enya vya ini vimepanda, ana VVU, au anakaribia kuanza dawa za saratani. Hatua hii nawasihi wenzangu wasiiruke, kwa sababu kirusi kilichojificha kwenye ini kinaweza kuamka kinga inaposhushwa, hasa kwa rituximab, dawa inayopunguza chembe za kinga.

Yule mama nilimwomba aitunze karatasi yake, kwani anti-HBc yake ikithibitishwa, kwa kawaida itabaki chanya maisha yote, na mpimaji mwingine atakayeiona asije akamtisha upya.